Upepo Uliokosa Zamu Yake

Kila siku ya Mungu, ikitimu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, meza ya tatu kutoka kwenye jiko la kahawa la Geok Eng, chini ya jengo namba 214, inakuwa imeshakamatwa. Hapa ni Singapore, lakini ukiwasikiliza wenye meza utadhani ni makao makuu ya dunia, maana hakuna jambo ambalo halijaamuliwa pale: bei ya mayai, goti la nani likapasuliwe hospitali gani, nani alimwoa nani kwa makosa. Meza ina viti vinne vya plastiki. Cha kwanza ni cha Meta, aliyebandikwa jina la mashine ya nauli, ila kwenye kitambulisho ni Selvarajoo, aliyeendesha teksi miaka thelathini na moja na mpaka leo anaongea haraka haraka kana kwamba abiria anashuka taa zijazo. Cha pili ni cha Hakimu, yaani Yazid, mkalimani mstaafu wa mahakama, ambaye hajawahi kumhukumu mtu hata siku moja ila amewatafsiria mahakimu wengi mno wakamkaa kichwani. Cha tatu ni cha Puto, Koh Teck Soon, aliyejaza maputo ya hali ya hewa na kuyaachia angani kwa miaka thelathini na minne. Cha nne hakina mtu. Kina pakiti ya tishu juu yake, na kwetu pakiti ya tishu juu ya kiti ni hati miliki. Hata waziri akija atasimama na sinia lake mkononi. Wiki ya tatu sasa Puto anaiweka pale kila asubuhi, na wenzake wakimuuliza anamwekea nani, anawajibu kwamba kiti hicho ni cha upepo.

Jumamosi hiyo hapakuwa na salamu ndefu. Puto aliweka simu katikati ya meza, akaisukuma kwa kidole hadi mbele ya Hakimu.

— Soma wewe. Mimi macho yangu leo yamekataa.

Macho hayakuwa yamekataa kitu. Alikuwa ameshaisoma mara nne tangu alfajiri, mara mbili akiwa chooni, na kila mara ilikuwa ile ile. Alitaka tu aisikie kwa sauti ya mtu mwingine, labda ingekuwa na nafuu.

Hakimu alivaa miwani, akakohoa kidogo, akasoma kwa ile sauti yake ya kizimbani:

— "Akaunti nne zilizotajwa hapa chini zimefungiwa. Zote zimeandika kutoka mtandao mmoja, ndani ya dakika ishirini na mbili, kutetea badiliko moja. Ni dhahiri kwamba zote ni za mtu mmoja, na tatu kati yake ni vibaraka wake."

— Mtu mmoja? Meta aliruka. Nani mtu mmoja?

— Sisi.

— Sisi wote?

— Wewe, mimi, Puto, na Geok.

Geok Eng alikuwa anamimina kahawa kutoka juu kabisa, mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine usawa wa kiuno, bila kumwaga tone. Aliposikia jina lake alisimamisha kumimina.

— Mimi? Mimi kibaraka wa nani? Wa huyu Puto ambaye hajui hata kurudisha kikombe?

— Imeandikwa hivyo, anti.

— Mume wangu, Mungu amrehemu, alijaribu miaka ishirini na nane kunifanya kibaraka, akashindwa. Leo mtu asiyenijua ananiandika hivyo mbele ya dunia nzima!

Basi ieleweke mambo yalifikaje huko. Kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anachota humo na hakuna anayejua nani kajaza, kuna makala kuhusu mzunguko wa hewa wa stratosfia, yaani hewa ya huko juu kupita njia za ndege. Makala inasema hewa hiyo inapanda polepole kwetu huku kwenye joto, inasafiri miaka kuelekea ncha za dunia, inashuka kule kwenye barafu. Aliyeiandika aliiandika vizuri, mwaka 2011, halafu akaenda zake asirudi. Ndani yake mna sehemu inayohusu upepo wa juu ya ikweta, ambao Puto anauita upepo wangu. Huo unavuma kutoka mashariki mwaka na kitu, kisha unapokewa na wa kutoka magharibi mwaka na kitu, zamu kwa zamu kama walinzi wa benki. Zamu mpya huanzia juu kabisa na kushuka taratibu, kiasi cha kilomita moja kwa mwezi. Mpaka hapo Puto hakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa kwenye sentensi inayofuata: "Kupokezana huku hakujawahi kukatika tangu kulipoanza kupimwa."

Uongo. Februari ya mwaka 2016 kulikatika, na yeye ndiye aliyekuwa kwenye skrini asubuhi ile. Upepo wa magharibi ulikuwa katikati ya zamu yake, na ghafla kwenye kilomita ya ishirini na mbili pakachomoza wa mashariki, mle mle ndani ya mwenzake, bila kutokea juu kama ilivyo desturi. Mkuu wa zamu alitazama namba, akamtazama yeye, akasema: umelijaza vibaya puto, Teck Soon. Wiki nzima aliitwa Jaza Vibaya. Baadaye dunia yote ikaona alichokiona, mkuu akamnunulia kahawa, yakaisha. Kwake yeye yakaisha.

Yakarudi wiki tatu zilizopita, mezani nyumbani, siku ya Jumapili. Binti yake Hwee Cheng anafundisha jiografia sekondari, na alikuja na karatasi za somo la upepo alizoziandaa kwa kidato cha tatu. Puto akazipitia huku akimenya kamba. Akaikuta sentensi ile, neno kwa neno. Akamwambia hii siyo kweli. Hwee Cheng akamjibu baba yake: Pa, imo kwenye kamusi elezo. Puto akasema mimi nilikuwepo. Na binti, ambaye alikuwa amechoka na masahihisho ya wiki nzima na hakukusudia ubaya, akasema: Pa, wewe ulikuwa unajaza maputo. Upepo walikuwa wanausoma wengine.

Puto akachukua kamba mwingine. Alimaliza kumenya kamba wote, hata wa watu wengine. Tangu siku ile hawajakaa meza moja, na somo lenyewe ni Jumatatu hii.

Ndiyo akaamua kuirekebisha makala. Mara ya kwanza aliandika kwamba upepo ulikatika; badiliko likafutwa, "hakuna chanzo". Mara ya pili akaandika chanzo ni daftari lake mwenyewe. Likafutwa, "daftari la mtu siyo chanzo". Mara ya tatu akaandika kwa herufi kubwa. Hapo ndipo Hakimu akasema kesi bila mashahidi ni porojo, na Alhamisi asubuhi wote wanne, kwa mtandao wa bure wa duka la Geok, wakajiandikisha na kutoa ushahidi.

— Ushahidi wangu ulikuwa mzuri, Meta alilalamika sasa, akichovya mkate kwenye yai. Niliandika nimembeba Puto kwenye teksi mara mbili na hakubishia nauli hata mara moja. Kuna nini zaidi ya hapo?

— Na mimi niliapa, alisema Hakimu. Nimewatafsiria watu viapo elfu, hicho kilikuwa changu cha kwanza.

— Mimi niliandika anakunywa kahawa bila sukari, alisema Geok, akileta vikombe. Mtu asiyetia sukari hana sababu ya kudanganya. Na nikaongeza kama hamwamini, binti yake ni mwalimu wa jiografia, sekondari ile karibu na stesheni, kamuulizeni.

Puto alishtuka akamwaga kahawa kwenye kisahani.

— Umemtaja Hwee Cheng?

— Jina sikulitaja. Nimetaja stesheni.

— Anti Geok! Walimu wa jiografia shule ile wapo wangapi?

— Sasa mimi najuaje? Mimi nauza kahawa.

Puto alijisikia vibaya hata mikono ikakosa pa kukaa. Alikuwa amemficha binti yake jambo hili lote. Mpango ulikuwa sentensi ibadilike kimya kimya, Hwee Cheng aikute mwenyewe kabla ya Jumatatu, na yeye asiwe amesema kitu.

— Huyu mhariri, alisema Meta akipangusa mdomo, mimi nimeshamjua. Ni mtu wa nchi za baridi.

— Umejuaje?

— Fikiria. Puto kasema hewa inapanda kwetu, inakwenda kushuka kwao. Maana yake nini? Wanavuta mabaki yetu! Sisi tukishatumia hewa, miaka mitano baadaye ndiyo inawafikia wao. Mtu anayevuta hewa ya mtumba atakubali kufundishwa upepo na mwenye duka?

— Hewa haiishiwi ladha, Meta, alisema Puto.

— Unajuaje? Umewahi kuvuta ya miaka mitano?

Hakimu aliinua kidole. Alikuwa na kifungua kinywa chake mwenyewe, wali wa nazi kwenye karatasi ya kahawia, na hakuwahi kuhukumu jambo kabla ya kula dagaa wa mwisho.

— Tatizo siyo mhariri. Tatizo ni kwamba upepo haukuitwa shaurini. Umeshtakiwa kwa kukatika, umehukumiwa kwamba haukukatika, na haukupewa nafasi ya kujitetea. Kamusi ikikubali kufungua sentensi hii moja, kesho mtu atadai ifunguliwe ya dinosari. Keshokutwa ya Napoleoni. Watafungua mafaili yote. Ndiyo maana wanazuia.

— Wanazuia, alidakia Meta, kwa sababu wanajua nani aliukata.

— Nani?

Meta alitazama huku na huku, akainamia meza.

— Chua. Wa ghorofa ya tisa.

— Chua Kong Beng?

— Mwaka 2016, mwezi wa pili, kabla ya mwaka mpya wetu wa Kichina... samahani, wenu... Chua alifunga viyoyozi vitatu kwa mpigo. Vitatu! Anakaa na mke mmoja. Joto lote lile lililotolewa nje lilikwenda wapi? Linapanda. Puto mwenyewe kasema hewa inapanda hapa.

— Meta, huko ni kilomita ishirini na mbili juu.

— Chua ni mtu wa makuu, bwana. Hawezi kukomea ghorofa ya tisa.

Hata Puto alicheka, ingawa hakutaka. Ndivyo meza ile ilivyo, inakuchekesha siku ambayo umeamua kununa. Lakini kicheko kilipopita jambo lilibaki pale pale, kwenye simu, na saa ilikuwa inakimbilia saa moja.

— Mimi nadhani tukate rufaa, alisema. Leo. Kabla ya Jumatatu.

— Kwa akaunti ipi? Zote zimefungwa.

— Tunafungua mpya, alisema Geok. Ila kila mtu aende duka lake. Mmoja aende kwa yule mwizi mwenye duka la kahawa jengo 209, mmoja sokoni, mmoja maktaba.

— Mimi navuka daraja naenda Johor, alisema Meta. Nikiandikia Malaysia hawanipati. Na petroli huko rahisi.

— Gari huna.

— Nitakwenda kwa basi, ila nitaitazama petroli.

Hakimu alisogeza kikombe pembeni. Alikunja karatasi ya wali vizuri kama anakunja hati.

— Ngojeni kwanza. Tunakata rufaa kwamba sisi siyo mtu mmoja. Tuna uhakika?

— Yazid, umekula nini?

— Nauliza kisheria. Puto, dawa yako ya presha ni ipi?

— Ile nyeupe. Nusu asubuhi.

— Meta?

— Nyeupe. Nusu.

— Nami nyeupe, nusu. Daktari mmoja, kliniki moja. Saa za kuamka hizo hizo. Meta akianza hadithi ya yule abiria aliyesahau mbuzi, mimi naimalizia. Geok anatuletea vikombe bila kutuuliza tunachotaka. Mwaka jana nilipolazwa, nani alipoteza hamu ya kula? Puto. Sasa mhariri kakaa huko kwao, hatuoni sura, anaona maneno tu, kasema hawa ni mtu mmoja. Mimi nimesikia hukumu nyingi mbovu maishani. Hii siyo mbovu sana.

Walitazamana. Meta aliweka mkate chini.

— Kwa hiyo mimi ndiye kibaraka au ndiye mwenyewe? aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

— Pa.

Puto aliijua sauti kabla ya kugeuka. Hwee Cheng alikuwa amesimama ubavuni mwa meza, mkoba wa madaftari begani, nywele bado mbichi. Katika miaka yote aliyokaa mtaa ule alikuwa hajawahi kukanyaga duka hilo asubuhi. Kahawa yake hununua stesheni, kwenye glasi ya karatasi, akikimbia. Alitazama kiti cha nne, akaona pakiti ya tishu, akabaki amesimama.

— Nani hapa ni KahawaBora214? aliuliza.

Geok Eng aligundua ghafla kwamba kuna vikombe vya kuosha.

— Wanafunzi wangu wameipata jana usiku, Hwee Cheng aliendelea. Wameibandika kwenye kundi la darasa. "Binti yake ni mwalimu, kamuulizeni." Watoto thelathini na sita wananiuliza, mwalimu, ni baba yako? Mmoja anauliza kama ni kweli kahawa yako haina sukari.

— Ni kweli, alisema Meta, akitaka kusaidia.

— Anko, tafadhali.

Meta alirudi kwenye yai lake.

— Pa, umefungiwa na kamusi elezo?

— Tumefungiwa wote, alisema Puto akiangalia meza. Wanasema sisi ni mtu mmoja.

Hwee Cheng alijaribu kubaki na hasira, lakini mdomo ulimponyoka pembeni. Aliangalia wazee watatu waliokaa vile vile, na vikombe vitatu vilivyokaa vile vile, akaziba mdomo kwa mkono.

— Kwa nini hukuniambia?

— Nikuambie nini? Ulishasema. Mimi nilikuwa najaza maputo.

Hakimu aliondoa miwani, akaanza kuifuta bila sababu. Hwee Cheng alisimama pale na mkoba wake na uso ukamwiva, kwa maana hakuwa amelisahau neno lile. Wiki tatu amekuwa akilikumbuka kila anaposhika zile karatasi, na kila anapotaka kupiga simu anaona ni usiku, ni mapema, ni kesho.

— Daftari unalo? aliuliza.

Puto alilitoa chini ya meza, kwenye mfuko wa plastiki wa supamaketi uliofungwa mara mbili. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada limevunjika mgongo. Hakuwa ameandika mambo makubwa humo: tarehe, puto limebeba uzito gani kabla ya kufungwa kamba, limepasuka kwenye kilomita ya ngapi, na upepo wa kilomita ishirini na mbili unatoka wapi. Hwee Cheng alipekua hadi Februari ya 2016. Alisoma kwa sauti ndogo.

— "Kilomita 22, mashariki. Mkuu anasema nimelijaza vibaya. Sikulijaza vibaya."

Chini yake siku iliyofuata: "Mashariki tena. Nimelijaza mwenyewe, nimelipima mara mbili. Sikulijaza vibaya." Na ya tatu yake. Na ya nne.

Alisimama na ukurasa ule muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

— Nilikosa, Pa, alisema. Nilisema neno baya na sikulirudia kulifuta.

— Hukudanganya. Nilikuwa najaza.

— Pa, acha. Naomba radhi.

Puto aliitikia kwa kichwa. Akanywa kahawa iliyokwisha poa.

Hwee Cheng aliweka mkoba sakafuni, akatoa simu yake, na akiwa amesimama vile vile akaanza kuandika kwa dole gumba. Haikuchukua dakika tatu.

— Ipo, alisema. Wanasayansi walichapisha mwaka ule ule, 2016. Majarida mawili makubwa. "Kukatika kusikotarajiwa." Vipimo vya Singapore vimetajwa ukurasa wa kwanza. Hiki ndicho chanzo walichokuwa wanakidai, Pa. Kwa nini hukukitumia?

Wazee watatu walitazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria kutafuta. Walikuwa na daftari, viapo, nauli ya teksi na kahawa isiyo na sukari, na wote waliona inatosha.

— Nilitaka waniamini mimi, alisema Puto.

— Najua. Lakini sitaandika kwamba wewe uliona. Nitaandika yaliyochapishwa. Jina lako halitakuwemo. Sawa?

Ilimchukua muda kusema sawa. Kisha akasema sawa.

— Ila ukurasa huu naupiga picha, alisema Hwee Cheng. Kamusi inataka chanzo kilichochapishwa. Darasa langu Jumatatu litaona na chanzo kisichochapishwa.

Aliandika sentensi, akaisoma, wote wakasikiliza kana kwamba ni matokeo ya bahati nasibu: kupokezana huko kulikatika kwa mara ya kwanza kujulikana mapema mwaka 2016. Akatia majarida yake mawili. Halafu akakunja uso, akasogeza skrini karibu.

— Na tena 2020, alisema.

— Tena nini? aliuliza Puto.

— Kulikatika tena. Mwishoni mwa 2019 kuingia 2020. Kuna makala tatu za wanasayansi hapa. Hukujua?

Puto alistaafu 2018. Tangu siku aliyokabidhi funguo za banda la gesi hakuwahi kupiga simu kituoni, hakutaka kuwa yule mzee anayewasumbua waliobaki. Upepo wake ulikuwa umekatika mara ya pili, juu ya paa lake, na yeye alikuwa chini hapa anabishana kuhusu mara ya kwanza. Alijisikia vibaya kuliko alipofungiwa.

— Sikujua, alisema.

— Haya, naongeza. Hwee Cheng aliandika, akafika mwisho wa sehemu, akasita. Hapa chini inasema "kwa sasa upepo unatoka magharibi". Hiyo "kwa sasa" ni ya 2011. Nirekebishe. Sasa hivi unatoka wapi?

Meta alimtazama Hakimu. Hakimu alimtazama Puto. Geok alikuja na kitambaa chake akasimama, naye akamtazama Puto. Feni ya darini ilikuwa inazunguka juu yao, na Meta aliinua macho akaitazama kidogo, akaona aibu, akayashusha.

— Pa?

Miaka thelathini na minne jambo la kwanza alilolijua kila asubuhi, kabla hajajua njaa, lilikuwa hilo. Kituoni waliliandika ubaoni kando ya birika la chai. Ungemwamsha usingizini angekujibu.

— Sijui, alisema Puto.

Hakimu alisukuma kikombe akakuta hakina kitu. Cha Meta nacho hakina. Birika la Geok lilikuwa limekwisha na la pili halijachemka. Puto alitazama saa ya ukutani. Saa moja na dakika thelathini na moja. Alichukua simu yake, akatafuta jina la mwenzake wa kituoni kwa muda mrefu, akapiga. Iliita sana.

— Farhana? Ni mimi, Teck Soon. Wa maputo... Ndiyo, mzima, mzima. Samahani kukusumbua kazini. Nilikuwa nauliza tu. Ishirini na mbili leo inatoka wapi?

Alisikiliza. Wenzake walimwona akitabasamu taratibu, kwanza upande mmoja, kisha wote.

— Anasema ndiyo kwanza ameliachia, aliwaambia, amefunika simu kwa mkono. Halijapita hata mawingu. Nimwambie nini?

— Mwambie tunangoja, alisema Hwee Cheng.

— Itachukua saa nzima na robo mpaka kufika kule.

— Tunangoja.

Puto akamwambia Farhana wanangoja. Farhana alisema jambo jingine, Puto akacheka, akasema ndiyo, yule yule, Jaza Vibaya, akakata.

— Mwalimu, alisema Meta, utasimama saa nzima na robo?

Hwee Cheng aliangalia kiti cha nne na pakiti ya tishu juu yake.

— Si kina mwenyewe?

Meta alifungua mdomo amweleze habari za upepo. Hakimu akamkanyaga mguu chini ya meza.

— Ni chako, alisema Puto. Nimekuwekea wiki tatu.

Hwee Cheng aliinua pakiti ya tishu. Ilikuwa imelainika pembe kwa kuwekwa na kuondolewa. Akaifungua, akachukua moja, akaketi.

— Anti Geok, aliita, sauti yake ikiwa haijatulia bado. Nami nipe kahawa. Bila sukari.